Umeme Chini ya Kidole Gumba

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ulifika salama? Miguu haikuvimba safarini? Mimi mzima, ila maabara imepoa tangu uondoke.

Kaa chini kwanza. Zile nukta za tiba ya sindano ulizowachorea watu wetu wa majaribio kwa kalamu, mikononi na miguuni, tumezipima kwa mashine. Umeme unapita pale kwa urahisi zaidi kuliko kwenye ngozi ya pembeni, karibu kwa kila mtu! Profesa, yule aliyezicheka zile njia za nguvu unazosema zinapita mwilini, kafyata mkia. Nimekumbuka chumba chako cha tiba, harufu ya spiriti, na mimi nimejificha chini ya kitanda cha wagonjwa. Raha iliyoje siku zile!

Mwanao

19 Machi

Mwanangu mama,

Marahaba. Miguu ilivimba kidogo, ikanywea. Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mkunjo. Nimemsomea fundi viatu wa jirani, akasema ameishiwa maneno. Muongo huyo, alikaa mpaka jioni akiongea.

Marehemu mama yako alikuwa akinitania, "Hizo njia umeziona wapi, bwana?" Nami namjibu, sijaziona, kidole ndicho kinachojua. Sasa nimepata jibu la maana, na mwenyewe hayupo. Nimemkumbuka sana wiki hii.

Baba yako

30 Juni

Baba,

Shikamoo. Hujambo na afya? Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Kabla ya kuchora kila nukta ulikuwa unapabonyeza na kupasugua kwa kidole gumba, kama kawaida yako. Nimekuona hivyo tangu utotoni, wala sikulitilia maanani. Mwenzangu wa maabara ndiye aliyeuliza habari ya kidole hicho. Ngozi ikisuguliwa na kupata jasho, hupitisha umeme vizuri zaidi. Tukarudia bila kusugua: tofauti ikayeyuka. Tukasugua mahali popote tu: umeme ukapita vilevile. Tulichopima ni kidole chako, Baba.

Sisemi njia hazipo. Nasema hatukuziona, na lazima niandike hivyo kwenye ripoti. Nisipoandika, mimi si mtafiti. Nikiandika, naogopa nitakukosa wewe.

Mwanao

22 Agosti

Baba, shikamoo. Kimya chako kinaniumiza. Fundi viatu ameniambia kwa simu kwamba u mzima, ila umefunga chumba cha tiba. Ripoti bado sijaituma. Nitukane basi, lakini usininyamazie.

Mwanao

9 Oktoba

Mwanangu mama,

Marahaba. Nilikasirika, sikufichi. Nilifunga mlango nikasema, wacha waende kwa mwenye mashine! Wagonjwa wakawa wanagonga dirishani.

Halafu nikamkumbuka mama yako alipougua. Sindano aliziogopa kama mtoto, hakuniruhusu hata siku moja. Nilikuwa nambonyeza mgongoni tu, mpaka usingizi umchukue. Kwa hilo sidai ushahidi wa mtu.

Tuma ripoti. Kosa langu lieleze vizuri, wengine wasilirudie. Na acha kuniandikia kana kwamba mimi ni yai. Utanikosaje, wewe? Nilikuwa nimenuna tu, na kununa kwenyewe kumenichosha.

Chumba nimeshafungua. Lakini bega la kulia limeniganda tangu juzi, na mganga hajigangi. Wewe nilikufundisha kuchoma sindano kwenye chungwa kabla hujajua kusoma saa, na sitaki mtu mwingine aniguse. Mashine iache hukohuko. Njoo.

Baba yako