Ufunguo wa Pili

Shoga, sikiliza. Nimempiga shemeji yako kasia la uso!

Unajua sheria yetu tangu tuhamie botini: anayezamia kusafisha propela anashuka na ufunguo shingoni, injini isije ikawashwa.

Nilikuwa nao. Shingoni! Niko chini nakata kamba iliyonasa, mara injini ikanguruma. Propela ikaondoka na nywele zangu.

Napanda natweta, ananiambia eti, "Kumbe ulikuwa bado chini?"

Kumbe?! Mkononi kashika ufunguo mwingine, wa kuchonga. Alichonga lini? Wa nini?

Nikampokonya, nikamtandika mpaka akatumbukia.

Sasa anagonga ubavu wa boti, anaomba ngazi. Eti anasikia baridi.

Funguo zote mbili ninazo mimi, shoga. Nimekaa kwenye usukani.