Akiba Haiozi

Sahibu, usinipigie sasa, nitatukana bure. Soma tu.

Nimetoka karakana ya ile timu mpya ya mjukuu wangu wa kike. Ameacha timu aliyoshinda nayo mbio za pikipiki, kaenda kwa wakubwa, nao wamemweka akiba. AKIBA! Pikipiki yenyewe kapewa mtoto wa mwenye timu.

Nikamwuliza meneja, "Binti atashindana lini?"

Akacheka. "Mzee, akiba haiozi."

Akiba haiozi! Ananiambia mimi!

Nikamjibu, "Bwana mdogo, huyu si gunia la mahindi. Akikaa msimu mzima bila kushindana, nani atamkumbuka?"

Fundi wao akajifanya anafuta mnyororo uliokwisha kung'aa.

Njiani nikamwuliza binti kwa upole, "Labda kasi imepungua, mama?"

Akasema, "Babu, jana mazoezini nilimpita yule mtoto wa mwenye timu mara mbili, tena kwa pikipiki ya akiba."

"Wakasemaje?"

"Wamenikataza mazoezi."

Umesikia, sahibu? Wamemkataza mazoezi! Na yule bwana ananichekea na methali zake!

Hawakumweka akiba hawa. Wamemficha.