Mkono wa Mwisho wa Vanishi

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mpwa wangu Cheche,

Hujambo huko? Na kile kikohozi cha baridi, kimekuachia au bado mnalala kitanda kimoja? Nijibu hilo kabla ya mengine yote, maana mama yako ananiuliza kila nikigusa simu, utadhani mimi ndiye daktari wako. Na wenzako unaokaa nao, hawajambo?

Sisi huku ni wazima. Goti langu ndilo linalalamika kila nikipanda ngazi, na kwa mtu anayepaka rangi nyumba za watu, ngazi ndiyo ofisi. Mama yako ana afya nzuri na ukali wake uko pale pale. Ila nyumba imepoa mno. Siku hizi redio tunaifungua asubuhi na mapema, hata kama hatuisikilizi, ili tu pawe na mtu wa tatu.

Ujumbe wako tumeupata, kwamba wamekuongezea mkataba na mwaka huu huji. Nilimsomea mama yako jikoni. Alisema "Haya" tu, akaendelea kusugua sufuria iliyokuwa imeshatakata. Wewe unatengeneza lifti, unawapandisha na kuwashusha watu wa huko wote, lakini mwenyewe hushuki kuja kwetu. Nakutania, mjomba, lakini uchungu ninao kweli.

Sasa nikupe habari za koili yako ya Tesla. Lile bomba la plastiki ulilolizungushia waya wa shaba lilibaki kwenye pembe ya chumba hiki, limefunikwa shuka. Ulituambia tusiliguse, kwamba ukirudi utalipaka vanishi mwenyewe, kisha tutaliwasha lirushe cheche kama radi ya nyumbani na sote tupige kelele. Dada yangu, mama yako, aliyashika maneno hayo kama amri. Alikuwa akikung'uta vumbi juu ya shuka, lakini hakulifunua hata siku moja.

Aliyefunua ni mimi, baada ya mvua hizi. Mpwa wangu, waya umeanza kulegea. Ule waya mwembamba ulioulaza mzunguko kando ya mzunguko, bila hata mmoja kumpanda mwenzake, huku umejing'ata ulimi na sisi tumekatazwa hata kupiga chafya! Katikati ulikuwa unacheza nikiugusa kwa kidole. Mizunguko ikishapandana ndiyo basi tena, umeme utarukiana humo humo na kuunguza kila kitu, na kazi yako itabaki kuwa shaba ya kuuza kwa kilo.

Nikamwambia dada yangu lazima tupake vanishi sasa. Akakataa katakata. Nilidhani ananiogopa mimi, kwamba nitaharibu. Tulibishana mlangoni mpaka akachoka, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ukishaimaliza, yeye atarudi kufuata nini?"

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Kumbe na mimi nilikuwa na hofu hiyo hiyo siku zote, ila nilikuwa naiita uvivu.

Baadaye nilimwambia tusiimalize, tuishike tu isilegee. Alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba hakuna brashi itakayogusa kitu yeye asipokuwepo. Fundi anayesuka mota pale njia panda alinigawia vanishi yake, ile inayozuia umeme usipenye, akanionya nipige mikono mingi myembamba, yaani nipake mara nyingi kidogo kidogo, nisimwage mmoja mzito. Jua lilipotoka tulilianika bomba likauke unyevu wote. Tukapitisha mpini wa fagio ndani yake, tukaulaza juu ya migongo ya viti viwili, dada yangu akawa anazungusha na mimi napaka.

Mkono wa kwanza ulipokauka, mazoea yakanishika. Miaka yote hii, mbao ikikauka, napiga msasa kabla ya kurudia. Nikachukua msasa. Mama yako aliruka kutoka kwenye kiti chake.

"We! Unataka kuuchuna? Waya una ngozi huo! Mwanangu aliniambia una ngozi!"

Ni kweli, ule utando mwembamba ulio juu ya shaba ukitoka, waya zinagusana tupu na umeme unapita njia ya mkato. Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hakusahau, kwa kuwa ni wewe uliyemwambia. Tangu siku hiyo naitwa Bwana Msasa, na amewatangazia majirani.

Kazi kubwa ilikuwa kuzungusha. Ukiacha kabla vanishi haijashika, yote inateremka upande wa chini na kufanya vinundu. Basi alizungusha polepole, kama anayebembeleza mtoto, huku akinisimulia ulivyoifungua redio yake vipande vipande ukiwa mdogo, ukamwambia unamtafuta msomaji wa habari. Tulicheka mpaka nikapaka kiti. Kisha nikamwona anafuta macho kwa bega, maana mikono haikuwa na nafasi. Ncha ya juu ya waya sikuipitisha ndani ya bomba, kama ulivyonionya, umeme usije ukashuka humo ndani.

Jana akaniuliza, "Sasa imebaki nini?"

Nikamjibu kwa lugha ya kazini kwetu, "Bado mkono mmoja."

Aliitazama koili, ilivyong'aa pale dirishani. "Wa nani?" akauliza.

Nilitaka kumweleza kwamba kwa sisi wapaka rangi mkono ni kupaka mara moja tu, nikaona anajua. Alikuwa ameshanipokonya brashi. Aliiosha kwa tina ya kuyeyushia rangi mpaka ikawa laini, akaitundika kwenye ule msumari wako wa kutundikia koleo. Vanishi iliyobaki, ya mkono wako, ameifunga mwenyewe, kifuniko akakigonga kwa nyundo.

Fundi wa mota anakusalimu na anadai kuwa wewe ungefaa kuwa mwanafunzi wake. Binamu yako, yule mrefu, anakusalimu pia. Nisalimie wenzako wote, hasa huyo anayekupikia uji ukiumwa.

Mungu akulinde kwenye hizo lifti, akupe afya na riziki, akurudishe mlango huu huu uliotokea. Usije mbio kwa ajili ya koili. Imeshika vizuri, haitalegea tena, yenyewe inaweza kukungoja. Mama yako ndiye asiye na vanishi ya kumshika.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Bwana Msasa