Kiraka cha Fundi wa Hospitali

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Dada ameniambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, nami nimefurahi ingawa najua Dada hupenda kukupamba. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, yale mafua yameisha. Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu kwenye simu utaanza kunitetea kabla sijamaliza, na safari hii sitaki kutetewa.

Dada ameniambia pia kwamba picha yangu nikipokea cheti umeitundika sebuleni, na kwamba hata msoma mita za maji hakuruhusiwa kuondoka mpaka aelezwe mwanao ni nani. Nilicheka, Mama, kisha nikaenda kujifungia bafuni.

Sijawahi kukufafanulia kazi yangu. Kila kompyuta ina kiini, yaani programu inayoamka kwanza na kuziongoza nyingine zote. Chetu kinaandikwa na watu wengi ambao hata hawajuani kwa sura. Mtu akiona kasoro hutuma rekebisho, tunaliita kiraka, na mimi ni mmoja wa wakaguzi: nisipokubali, haliingii. Tunayoandika hugeuzwa kuwa maagizo ya mashine na programu iitwayo kompaila. Sehemu chache tu maagizo hayo tunayaandika wenyewe, kwa lugha ya asembli, na hapo lazima uiambie kompaila kwamba umegusa kumbukumbu, pale mashine inapohifadhi namba zake. Usipoiambia, ni kama mtu ametia chumvi kwenye kopo la sukari akanyamaza. Wewe utachota kwa mazoea, na chai itakushangaza.

Mwaka jana kilikuja kiraka cha mwanamke mmoja, fundi wa mashine katika hospitali ndogo. Alieleza kwamba tangu kompaila mpya itoke, skrini zinazoonyesha mapigo ya moyo ya wagonjwa zinaganda: hali ya mgonjwa imebadilika, skrini bado inaonyesha namba za dakika mbili zilizopita. Wauguzi walikuwa wameacha kuziamini, wanazunguka kitanda hadi kitanda wakishika viganja vya watu. Fundi alichimba mpaka akapata mstari mmoja wa asembli ambapo tulisahau kusema kumbukumbu imeguswa. Kompaila ya zamani ilikuwa ikitusamehe. Hii mpya ni janja zaidi, usiposema kitu inatumia namba iliyokwisha kuichota. Kiraka chake kiliongeza neno moja tu.

Nilimjibu mbele ya watu wote, maana barua zetu za kazi husomwa na yeyote. Niliandika kwamba hapa si karakana ya kubahatisha, kwamba sehemu ile imefanya kazi miaka tisa, na kwamba ajifunze asembli kwanza ndipo aje kutufundisha. Wenzangu wawili waliweka alama za kicheko. Yeye akaandika, "Samahani kwa kuwapotezea muda," basi, hatukumsikia tena.

Miezi mitano baadaye malalamiko yakaanza kumiminika kutoka kila upande. Kiongozi wetu, tunayemwita Mzee ingawa hamsini hajaifikia, akaniagiza niache yote nishughulike na hilo. Nilihangaika siku tatu. Ya nne nikamkumbuka fundi, nikafungua kiraka chake. Mstari ulikuwa ule ule, na neno lile lile ndilo lililokosekana. Ningeweza kusema hapo hapo. Badala yake nilikiandika upya kwa jina langu, nikakizungushia maelezo marefu ili kionekane kigumu, nikakituma. Cheti ulichokiona kwenye picha nilipewa kwa kazi hiyo.

Pengine ningenyamaza mpaka leo. Lakini wiki mbili zilizopita fundi aliniandikia, mimi peke yangu. Nilifungua barua nikijua amekuja kunivua nguo. Wala. Alinishukuru. Alisema skrini zao hazigandi tena, na kwamba amefurahi mtu anayeijua kazi amemalizia pale yeye alipokwama. Kiraka chake, alisema, bila shaka kilikuwa na kosa ambalo hakuliona. Anaamini alikosea yeye, Mama! Niliisoma nimesimama katikati ya ofisi, nikahisi masikio yanawaka.

Jumatatu niliwaandikia wote nikasema kiraka ni chake, na nikamwomba radhi pale pale nilipomdhalilisha. Mzee alinipigia simu. Hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema jina la fundi litawekwa panapostahili, cheti nikirudishe, na ruhusa yangu ya kukubali viraka imeondolewa. Mwenzangu wa meza ya pili siku hizi akinisalimia anaangalia kikombe chake.

Jana fundi alijibu. Radhi ameipokea, ila ana swali moja, kwa sababu angependa kujifunza: mara ile ya kwanza nilipokikataa, niliona kosa gani?

Nimeandika jibu mara sita nikafuta. Nimeona nianze kulisema kwako, mdomo uzoee. Sikuona kosa lolote, Mama. Sikukisoma. Niliona anwani ya hospitali na salamu za woga, nikajua huyu hana wa kumsemea, nikaandika niliyoyaandika bila hata kukifungua. Wagonjwa walilala kando ya skrini zile miezi mitano, na kulisoma neno lile kungenichukua muda wa kupiga chafya. Kama kuna aliyedhurika sijui. Nimeogopa kuuliza.

Nikishaitia hii posta, nitakaa nimwandikie fundi hayo hayo, na swali hilo nililoliogopa nitamuuliza.

Msalimie Dada na wanawe, na mpe naye barua hii asome, nisije nikalazimika kuisema mara ya pili kwa maneno laini. Nakuombea afya. Niandikie hata kama umekasirika, hasa kama umekasirika.

Ni mimi,
kitindamimba wako.