Nani Anaua Ruta Yangu?

Jumapili, mwisho wa Oktoba. Kilosa. Jua kali, upepo wa vumbi, moyo mzito.

Asubuhi, baada ya kutoka kanisani, nilikuwa na hasira na mtu wa Mikumi. Jioni hii nina hasira na mimi mwenyewe. Acha niandike yote kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nikinunua samaki nafunua mashavu. Nikinunua mchele natia mkono mpaka chini ya gunia. Fungu la nyanya silichukui kabla sijazipindua zote, na wauzaji wa hapa sokoni wanajua, wengine wakiniona wananuna mapema. Mume wangu, Baba Neema, husema ningefaa kukagua tiketi kwenye treni ya umeme. Anatania, lakini hata yeye nilimshuku kwanza ndipo nikamkubali.

Kazi yangu ni kufundisha wageni Kiswahili kwa video. Nakaa sebuleni, nafunga mlango, naanza hujambo-sijambo na mtu aliye bara jingine. Bila intaneti ya nyumbani sina darasa. Nilikuwa na ruta ya kuwekea laini ya simu, ndogo, nyeupe, iliyonitumikia vizuri tu. Mwezi wa nane ikaanza vituko. Nipo katikati ya ngeli, mwanafunzi anaganda mdomo wazi, nageuka naona taa nyekundu. Naizima, naiwasha, inakwenda kidogo, inakufa tena.

Nikaanza kutafuta mchawi.

Kwanza nikawashuku watu wa mtandao. Kisha umeme, maana huku kwetu unakatika na kurudi kwa kishindo. Ndani ya nyumba sikuwa na wa kumshuku. Neema yuko shule ya bweni, baba yake yuko Ruaha anaendesha lori la miwa msimu huu. Aliyepo ni mama mkwe, aliyekuja kutoka Kisanga baada ya mavuno, na yeye hata simu hana. Ana sindano yake ya kufumia na uzi, basi. Tangu aje sebule yangu imevaa: runinga ina kitambaa, friji ina kitambaa, jagi la maji lina kofia yenye shanga, hata rimoti ina kanzu yake. Anasema vumbi la Kilosa linakula vitu.

Akabaki Mama Hawa.

Mama Hawa ni jirani yangu, tunatenganishwa na ua wa michongoma tu. Binti yake, Hawa, yuko Omani kikazi, akaolewa huko huko, akazaa huko huko. Mjukuu huyo Mama Hawa hajawahi kumbeba. Mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, nilimpa namba ya siri ya intaneti yangu. Kila Jumapili baada ya Alasiri alikuwa anatoa kigoda chake, anakaa karibu na michongoma, pale mtandao unapomfikia, anamwimbia mtoto kwenye simu. Mimi nikiwa jikoni nasikia mtoto anacheka kutoka Omani.

Mwezi huo huo wa nane Mama Hawa akapangisha chumba cha uani kwa vijana wanaofanya kazi kwenye barabara. Nikawaona wamekaa barazani, vichwa vimeinamia simu. Nikajumlisha. Amewagawia namba yangu, wananyonya intaneti, ruta inazidiwa. Sikumuuliza mtu. Mtu wa kushuku kama mimi haulizi, anahukumu kwanza.

Nikabadilisha namba ya siri kimyakimya. Hapo ningeishia, ingekuwa nafuu. Lakini nikaona haitoshi, nikabadilisha na jina la waifai, lile linalotokea kwenye simu ya kila mtu aliye karibu na nyumba yangu. Mama zetu wakitaka kupigana vijembe walinunua kanga, wakavaa, wakapita. Mimi sikutaka gharama ya kanga. Nikaandika: UKIONA VYAELEA. Mwenye akili atamalizia mwenyewe.

Nilijiona mjanja sana siku ile.

Jumapili iliyofuata alitoa kigoda kama kawaida. Nilikuwa dirishani, nakiri, nilikuwa nachungulia. Akaishika simu, akaitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaitazama tena. Kisha akanyanyuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani.

Kesho yake kwenye kamba yake ya nguo, upande unaotazama dirisha langu, kulikuwa na kanga mpya imeanikwa, maandishi yamenyooshwa vizuri yasomeke: UMDHANIAYE NDIYE SIYE.

Nikasema, heh, ananijibu. Mwenye hatia hakosi kanga.

Tangu hapo salamu zikawa za kikohozi. Nikipita anakohoa, akipita nakohoa. Mchicha uliokuwa unavuka michongoma kuja kwangu haukuvuka tena. Na ruta, pamoja na kufungiwa watu wote, ikaendelea kukatika vilevile. Hilo pekee lingetosha kunifungua macho. Mimi nikaona wapangaji wameiba na namba mpya. Wiki iliyopita ikagoma kuwaka kabisa.

Kununua ruta ukiwa na bajeti ndogo na roho kama yangu ni mateso. Kulikuwa na ile ya kampuni ya simu, bei yake nzuri mpaka inatia wasiwasi. Nikauliza, nikaambiwa inapokea laini yao tu. Mnara wao upande wetu ukilala, na mimi nalala. Hiyo ni ndoa ya mkeka, nikaiacha. Kulikuwa na muuzaji wa mtandaoni mwenye picha za kupendeza, mzigo uko Dar, tanguliza hela. Huyo hata sikumjibu. Kulikuwa na fundi wa hapa hapa mjini mwenye ruta iliyotumika, safi kwa kuitazama, lakini nilipoigeuza nikaona vichwa vya skrubu vimechubuka. Nani aliifungua, na alitoa nini humo ndani? Nikairudisha mezani taratibu.

Baba Neema akapiga simu kutoka Ruaha, akanielekeza kwa Bwana Salehe, mwenye duka Mikumi karibu na barabara kuu, anayeuzia nyumba za wageni. Nikamuuliza amemjuaje. Akacheka, akasema, "Mke wangu, nenda tu." Alhamisi nikapanda basi, tukala vumbi mpaka Mikumi.

Bwana Salehe ni mtu mzima mwenye kofia ya viua na adabu nyingi. Nyingi mno. Kabla sijasema shida yangu nimeshapewa kiti na maji ya baridi. Nikajiuliza, mtu mwenye bidhaa nzuri ana haja gani ya kunilainisha na maji?

Akanitolea ruta za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa na antena nne, imesimama kama kaa aliyekasirika. Nikazizungusha antena moja moja, mbili zikazunguka bure kama kifuniko kilichokwisha meno. Pambo hilo. Ya pili ina betri yake ndani, ningeipenda kwa ajili ya umeme wetu, lakini ilizidi mfuko wangu, na gundi ya boksi ilikuwa mpya kuliko boksi. Ya tatu ilikuwa ya kawaida tu, antena mbili, boksi lina vumbi. Bwana Salehe mwenyewe ndiye aliyesema hiyo itanifaa. Kwa hiyo ndiyo niliyoishuku zaidi.

Nikatia laini yangu, ikasoma. Nikamwomba laini yake ya kampuni nyingine, nayo ikasoma. Nikatoka na simu mpaka ng'ambo ya barabara, kwenye malori, nione mtandao unanifuata mpaka wapi. Nikalinganisha namba za kwenye boksi na za chini ya ruta. Zote sawa. Nikakosa kasoro, na jambo hilo likaniudhi kidogo.

"Dada, ile ya zamani ilikufaje?" akaniuliza.

"Ilizima tu."

"Ulikuwa unaiweka wapi pale nyumbani?"

Hapo nikakaa sawa kwenye kiti. Mtu simjui, anataka kujua vyombo vyangu vimekaa wapi?

"Nyumbani kwangu," nikamjibu.

"Najua ni nyumbani, dada. Nauliza sehemu gani. Maana kama shida ni pale ilipokaa, na hii nayo—"

"Bwana Salehe, niandikie risiti."

Akaiandika, na muda wa warantii akauandika. Alikuwa bado anazungumza nilipochukua mfuko wangu na kutoka. Njia nzima nilikuwa nafikiria yale maswali. Mfanyabiashara gani huyo, badala ya kuuza, anaulizia maiti ya ruta?

Nilipofika nyumbani nikaifunga. Jina la waifai nikaliweka lile lile, UKIONA VYAELEA. Sikuwa nimesahau.

Ijumaa ilienda kama mshale. Jumamosi asubuhi nikafundisha somo zima bila kukatika, mwanafunzi akanipongeza, nikampongeza. Jioni ikakatika. Leo nilipotoka kanisani nikaikuta taa nyekundu. Nikapiga kelele peke yangu: Salehe kanipata! Yale maji ya baridi! Nikachukua boksi ili niifungashe, kesho nirudi Mikumi tukavunjiane heshima.

Nikaingiza mkono chini ya kitambaa ili nichomoe waya.

Nikautoa upesi. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Nikakitazama kile kitambaa kama nakiona kwa mara ya kwanza. Cheupe, pindo la bluu, kimefumwa kwa kipimo cha ruta ya zamani na hii mpya kikaibana zaidi, kimetiwa wanga wa muhogo mpaka kimesimama chenyewe. Matundu yote ya kupumulia yamefunikwa. Ijumaa mama mkwe alivifua vitambaa vyake vyote, akavianika. Jumamosi mchana akavirudisha, kila kimoja mahali pake.

Nikakiondoa, nikasubiri. Taa ikawa ya kijani. Kwa kuwa mimi ni mimi, sikuamini, nikaifunika tena na kukaa kuitazama. Ikapata joto, taa ikawa nyekundu. Nikafunua, ikarudi kijani. Nikaenda kabatini nikaitoa ile ya zamani, nikaichomeka bila kitambaa, lakini wapi. Yenyewe tulishaipika tangu mwezi wa nane.

Mama mkwe alikuwa barazani, sindano inakwenda. Vitambaa vile ndivyo mchango wake katika nyumba hii, anavifua kwa mikono yake, wageni wakivisifia uso unamng'aa. Ningemwambiaje kwamba ameua ruta na ya pili alikuwa mbioni?

"Mama," nikasema, "naomba unifumie kingine kwa ajili ya ile ruta, lakini cha kuikalia. Kujifunika haiwezi, inasikia joto."

Akasimamisha sindano. "Si ungesema, mwanangu. Mbona nikikishika jioni nakikuta kina moto? Nikajua ndivyo inavyofanya kazi, kama pasi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu niliona kamba ya nguo ya Mama Hawa.

Nikachukua simu, nikafuta UKIONA VYAELEA, nikaandika KARIBU MAMA HAWA. Nikakaa nalitazama jina langu jipya. Nikaona huu nao ni ujanja ule ule. Nilimtukana nikiwa nimejificha ndani, na sasa nataka kumwomba radhi nikiwa nimejificha ndani. Nikavaa kanga, nikazunguka michongoma.

Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Mama Hawa."

"Marahaba." Hakuinua macho.

Nikamwambia yote, kuanzia wapangaji mpaka kitambaa. Alinisikiliza huku anatupa mawe pembeni. Nilipomaliza akasema, "Wale vijana wana bando zao, Mama Neema. Hiyo namba yako sijampa hata paka."

"Naelewa sasa. Nisamehe, mama."

"Kanga yangu uliisoma?"

"Niliisoma."

"Na wewe ni mwalimu."

Akaupepeta ungo, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mtoto ameanza kutembea. Hawa alinipigia akanihadithia. Nimesikia tu, sikumwona."

Hapo ndipo nilipolia. Yeye hakulia. Aliniacha nimalize, akafuta mikono, akanipa simu yake. "Haya, niwekee hiyo namba. Alasiri imeshapita."

Sasa hivi ninavyoandika amekaa kwenye kigoda chake upande wa pili wa michongoma. Ameniita nikamwone mtoto. Anatembea kweli, anaanguka, anajizoa, anarudi kwenye simu. Bibi yake anampigia makofi kana kwamba ndiyo hatua ya kwanza, na mimi najua siyo. Taa ni ya kijani, haijakatika.

Bwana Salehe nitampigia kesho, nimwambie ruta yake haina neno na nilikuwa naiweka wapi. Halafu nitakwenda sokoni, nijaribu kununua fungu la nyanya bila kulipindua. Sijiahidi, nitajaribu.

Namba ya siri nimeirudisha, jina nimelibadilisha, ruta nimenunua nyingine. Ile hatua ya kwanza naipata duka gani? Na kama ningemuuliza tu, siku ile ya kwanza, hapa hapa kwenye michongoma, ningepungukiwa nini?