Kigingi cha nne, goli la upande wa Majengo

Mpanda, Jumatatu, mwezi wa nane, 1976

Asubuhi ilikuwa baridi, na moshi wa mapori yanayochomwa upande wa Mwamkulu ulikaa juu ya mji mpaka saa nne. Viganja vinaniwaka. Nimevipaka mawese lakini kalamu bado inauma kuishika.

Leo nimemwaga chokaa juu ya chokaa yangu mwenyewe.

Nitaandika yote tangu mwanzo, hata kama nitamaliza kurasa. Nikilala bila kuandika, najijua, kesho nitaamka nimeanza kumtetea Mwalimu Severini.

Mimi ni kibarua wa ujenzi. Mwaka jana nililetwa huku kutoka Songea na wenzangu kumi na mmoja, kujenga maghala karibu na stesheni. Kazi yangu ni chokaa: kuiloweka, kuichuja, kupaka kuta, na kuchora mistari ya msingi kabla wachimbaji hawajaanza. Mtu wa chokaa hajifichi. Kucha zake ni nyeupe na ngozi ya viganja imebanduka, hata Jumapili kanisani.

Mwalimu Severini anafundisha uashi pale chuo cha ufundi, na ndiye kocha wa timu ya chuo. Uwanja wao uko katikati ya mji, kati ya Majengo na stesheni. Alikuja kwenye maghala kuniomba nikamchoree mistari ya uwanja, maana vijana wake walikuwa wanaipinda. Nikaenda, nikachora. Wakati nakunja kamba mpira ukanijia, nikaurudisha kwa mguu wa kushoto. Akanitazama.

"Wewe ulicheza wapi?" akauliza.

Yalianzia hapo.

Beki wao wa kushoto, kijana anaitwa Fidelis, alikuwa amerudi kwao Namanyere anaumwa kifua, na hakuonekana tena. Jina lake lilibaki kwenye orodha ya wachezaji. Mwalimu akasema nivae jezi yake na nijibu nikiitwa Fidelis. Mtu anayechezea jina la mwenzake huitwa mamluki, hilo nalijua. Mimi sikujiita hivyo. Nilijiita mwanafunzi ambaye bado hajaandikishwa.

Maana aliniahidi. Shule niliiacha darasa la nne. Mwalimu alinifundisha nyumbani kwake, jioni tatu kwa wiki, na mimi nilimlimia mkewe bustani ya mchicha na nyanya. Nilikuwa nasoma kwa kuburuza kidole. Sasa nasoma gazeti zima. Alisema mwezi huu, orodha ya watahiniwa wa darasa la saba ikipelekwa, ataweka jina langu kati ya wale wa nje. Nikifaulu naingia chuoni kusomea uashi. Kwa jina langu mwenyewe, alisema.

Mwezi wa sita kazi ya maghala iliisha. Lori la kampuni likaja kuwachukua wenzangu. Mimi sikupanda, nikatafuta kibarua kingine hapahapa mjini. Niliwapa barua wampelekee mama, kwamba mwanao anarudi shule. Nimesikia aliisomesha mbele ya watu baada ya misa.

Siku ile ya lori Kashindye alinionya. Kashindye ni fundi mwashi wa hapahapa mjini, Mnyamwezi, na mimi Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu. Tangu tukutane hajawahi kuniita kwa jina.

"Panda lori, mtumwa wangu," alisema. "Huyo mwalimu anakulisha kama kuku wa Krismasi. Siku ya siku watamuuliza, naye atasema hajawahi kufuga."

Nikamwambia Wanyamwezi wamezoea kubebeshwa mizigo tu, ndiyo maana hawajui kuahidiwa kitu. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Tumelelewa hivyo, maneno ya mtani hayawekwi moyoni. Akikuambia mama yako ni mchawi unacheka. Akikuambia unauzwa, unacheka vilevile.

Nilicheka.

Kisha likaja jambo la uwanja. Kamati ya mji inataka soko jipya, stendi ya mabasi na safu ya maduka, na sehemu waliyoipenda ni palepale uwanjani. Mwalimu alitukusanya nyuma ya karakana. Alisema tukichukua kombe la wilaya, hakuna kiongozi atakayethubutu kupitisha jembe kwenye uwanja wa mabingwa. Vijana wa chuo waliapa. Na mimi niliapa, ingawa chuo si changu na mji si wangu.

Fainali ilikuwa Jumapili ya wiki iliyopita, sisi na timu ya Majengo. Tuliwafunga mawili kwa moja. Sijawahi kukimbia vile. Lakini kabla mpira haujaisha nilikwenda kurusha mpira uliotoka, karibu na mwenyekiti wao, Mzee Hamisi, mwenye duka la vitambaa. Aliviona viganja vyangu vimeshika mpira.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mikono hii naijua. Huyu si ndiye aliyenipakia chokaa dukani, akaniachia madoa kwenye madirisha?"

"Mzee, tazama mpira," mtu akamwambia.

"Mpira nautazama. Nauliza tu, siku hizi chuoni wanasomea madoa?"

Watu walivunjika mbavu. Hata mimi nilitaka kucheka. Jioni yake Majengo wakakata rufaa.

Jumamosi tuliitwa mbele ya kamati ya mpira, ambayo wajumbe wake ni walewale wa kamati ya mji. Watu wanne nyuma ya meza, Mzee Hamisi kwenye benchi, mimi na Mwalimu tumesimama. Wakaniwekea karatasi na kalamu. Andika jina lako, walisema.

Nilimwangalia Mwalimu. Yeye aliangalia dirishani.

Nikaandika jina la Fidelis lote, na la baba yake, kwa mwandiko alionifundisha yeye Mwalimu, herufi zimelala kidogo kulia. Nilidhani namlinda. Nilisema moyoni, wakinifukuza nitafukuzwa mimi, yeye ana watoto na kazi ya serikali.

Mwenyekiti wa kamati akamuuliza Mwalimu kama huyu ni mwanafunzi wake.

"Huyu kijana simfahamu vizuri," alisema Mwalimu. "Alikuja akaniambia ndiye Fidelis, amepona. Mimi nina wanafunzi wengi. Amenidanganya mimi na amekidanganya chuo. Na nyie mmeona wenyewe, hata sasa hivi amedanganya kwa mkono wake."

Kwa mkono wake.

Nilisimama pale nikiangalia karatasi yangu. Wino ulikuwa haujakauka. Hata Mzee Hamisi, ambaye ndiye mshitaki, aliinamisha kichwa. Kombe likapewa Majengo, mimi nikafungiwa kucheza wilaya nzima, na Mwalimu akashukuriwa kwa ushirikiano.

Nilimfuata nje. Alikuwa anafuta kiti cha baiskeli kwa leso. Akasema bila kuniangalia, "Ungenyamaza, usiandike kitu. Umejiharibia mwenyewe." Nikamuuliza habari ya orodha ya darasa la saba. "Ilikwenda Jumatano," akasema, akapanda baiskeli.

Jumatano ni siku tatu kabla ya kikao. Sikuuliza kama jina langu limo. Mtu akiwa na jibu zuri hapandi baiskeli haraka namna ile.

Na bado jana kutwa nilimtetea. Naandika hili kwa aibu. Nilijiambia alishikwa na hofu, atakuja hapa chumbani kunieleza, labda ataandika barua kwa wenye mtihani. Jioni nilifagia. Nilinunua hata sukari.

Leo sasa.

Msimamizi alitukusanya asubuhi, akasema kuna kazi mpya katikati ya mji. Tukasukuma mkokoteni wenye kamba, mifuko ya chokaa na vigingi. Nilipoona tunakata kona ya kwenda uwanjani nilijua. Bwana ardhi alikuwa ameshafika na mnyororo wake wa kupimia. Watu wa kamati hawakungoja hata wiki. Hapakuwa tena na mabingwa wa kuwaogopa.

Mistari yangu ilikuwa bado inaonekana. Mvua hakuna, na ile chokaa niliichuja vizuri kwa sababu ilikuwa ya fainali. Msingi wa duka la kwanza unapita ndani ya boksi la penalti. Kashindye alishika kamba upande ule, mimi nikamwaga huku.

Hata msibani mtani hutania. Maiti haijatoka ndani, yeye ameshakaa mlangoni anazuia jeneza na kudai haki yake. Leo Kashindye alinyamaza tangu saa moja mpaka saa nane. Nikajua kwamba habari ya Jumamosi imefika, na kwamba ni mbaya kuliko nilivyokuwa nikijiambia.

Kila kigingi cha kona kina namba na jina la mwenye kiwanja, kwa rangi nyekundu. Cha kwanza, cha pili na cha tatu siwajui watu hao. Cha nne kinasimama pale lilipo goli la upande wa Majengo. Nilipiga magoti nikasoma. Skolastika, na jina la ukoo wa baba yake.

Nililijua kabla sijalimaliza. Sentensi ya kwanza Mwalimu aliyonipa kunakili ilikuwa hii: Skolastika analima bustani. Nilipoisoma bila kidole, Skolastika mwenyewe, mkewe, alipiga makofi mlangoni, akaniambia lakini anayeilima ni mimi. Mwalimu ni mtumishi wa serikali, haruhusiwi kuwa na duka. Jina la ukoo wa mkewe ni jina lingine, na waliokaa nyuma ya ile meza Jumamosi ndio waliogawa viwanja.

Rangi ilikuwa imepasuka. Nikamuuliza bwana ardhi vigingi hivi viliandikwa lini. "Vimekaa stoo tangu mwezi wa sita," alisema. "Tulikuwa tunangoja nyie mmalize mpira wenu."

Mwezi wa sita. Mwezi wa lori.

Basi tulipokuwa tunaapa nyuma ya karakana, kigingi kilikuwa stoo kimeshakauka. Sijui kama Mwalimu alilitaka kweli lile kombe. Nadhani alilitaka. Nilimwona akilia tulipofunga goli la pili. Mtu anaweza kutaka kombe na duka, na siku ya kuchagua akatafuta kitu cha tatu cha kutoa. Kitu cha tatu nilikuwa mimi.

Saa nane alikuja Mwalimu mwenyewe. Akaegemeza baiskeli kwenye mlingoti wa goli, akatembea mpaka kigingi cha nne, akazunguka. Mimi nilikuwa namalizia mstari wa mbele.

"Kijana," akaniambia, "huo mstari umepinda."

Haukupinda. Kona niliipiga kwa kamba ya tatu, nne, tano, ile ya kupata pembe mraba, kama alivyonifundisha yeye, na Kashindye aliihakiki. Kila mtu pale aliuona umenyooka. Mwaka mzima ameniita mwanangu mezani kwake.

Niliufuta kwa mguu. Nikauchora tena palepale.

Nikajibu tu, "Ndiyo, Mwalimu." Hili ndilo linaloniuma kuliko orodha, kuliko kikao. Jumamosi niliweza kusema nilishtukizwa. Leo nilikuwa nimesoma kigingi, najua yote, na bado mguu wangu ulifuta.

Alipoondoka, Kashindye akatema mate pembeni, ndipo akafungua kinywa.

"Mtumwa wangu," alisema kwa sauti ya wote kusikia, "umenitia aibu, mimi mwenye mali. Nenda Kasokola ukafundishwe. Kuna darasa la watu wazima pale, mwalimu wake mwanamke, hana timu wala baiskeli. Wanaotaka mtihani wa darasa la saba anawaandika mwenyewe, wa mwakani. Wanafunzi ni mabibi tupu, wamekaa na ugoro. Utapata mchumba."

Vibarua wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

"Siku gani?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Mngoni, unaniuliza kweli?"

"Nakuuliza kweli."

Akakuna kidevu, akaonekana kama mtu aliyekosea njia. "Jumanne na Alhamisi," alisema polepole. "Saa kumi. Mke wangu anasoma pale." Kisha akainama kuvuta kamba, na kicheko cha wale wengine kikaisha chenyewe.

Mke wa Kashindye anasoma pale. Miezi yote hii ya utani hakuwahi kuniambia. Au aliniambia, na mimi nikacheka.

Kesho ni Jumanne. Tunaacha kazi saa tisa, na Kasokola kwa miguu nitafika, ila nitachelewa kidogo. Asubuhi kabla ya hapo nitamwaga chokaa kuanzia kigingi cha tano. Cha nne kimeshachorwa, mara mbili. Kwa mama sitaandika bado. Siwezi kumwandikia kwamba ile barua ilisema uongo, na siwezi kumwandikia kwamba ilisema kweli.

Nimejaribu jina langu pembeni ya ukurasa huu mara kumi, kwa sababu ni muda mrefu sijaliandika mbele ya mtu. Mara mbili mkono ulianza na F. Nikakata, nikaanza upya.

Yule mwanamke wa Kasokola akinipa karatasi, nitaandika Alanus Komba. Sitamwangalia mtu usoni kwanza.