Kiu ya Mbio za Jubilei

Jumatatu, 2 Juni 2025
Leo nimetimiza miaka sabini na nne. Nimezika kaka wawili, mdogo wangu Alois, makatekista watatu, na ng'ombe sijui wangapi. Bado nipo. Tena nakimbia!

Mbio za wazee za jubilei ya parokia ni tarehe 15. Singe mpaka kanisani. Baltazar wa Sigino anajitapa sokoni ati atanishinda. Huyo! Mazoezi yote naandika humu, daftari linakaa mfukoni mwa koti.

Asubuhi: kutoka nyumbani Nangara mpaka Singe, nikarudi. Maji dumu zima la lita tatu. Nimechepuka vichakani mara tano. Ni mazoezi. Maji yakiingia lazima yatoke.

Alhamisi, 5 Juni
Baridi. Watu wamevaa makoti, mimi ulimi umekauka kama navuna mbaazi juani. Usiku nimetoka nje mara sita. Mke wangu Emerensiana ananiuliza, Baba Wilbert, unakimbia au unamwagilia mahindi ya watu? Nikamwambia hajui michezo.

Mikidadi wa dukani amesema wachezaji wa mpira wanakunywa glukosi. Nimechukua pakiti tatu. Tamu! Nguvu ikaja palepale. Kiu nayo ikarudi.

Jumapili, 8 Juni
Mkanda nimeutoboa tundu la pili kwa msumari wa moto. Tumbo limekatika kama la kijana! Emerensiana hasifu. Kanipeleka nyuma ya choo, ananionyesha sisimizi wamejaa pale ninapokojoa. Anasema kwa Alois walikuja hivyohivyo, kapime sukari.

Nimemfokea. Alois alianza kwa kupimwa! Wakampima, wakamkata mguu, tukamzika. Angekaa nyumbani angekuwa na miguu yote. Sipimwi.

Glukosi nimeongeza. Vijiko vinane kwa dumu.

Jumatano, 11 Juni
Nimekimbia nusu tu. Miguu mizito. Maandishi yanacheza — kalamu mbaya hii. Madumu mawili ya maji.

Ijumaa, 13 Juni
Hila! Kila mzee lazima apimwe ndipo apewe kitambaa cha namba. Nesi Devota anatoboa kidole, anaweka damu kwenye kijimashine. Baltazar kapata sita nukta moja. Mimi mashine haikutoa namba yoyote! Herufi tu. Nikacheka mbele ya watu, mnaona, mashine imenishindwa! Wazee wakapiga makofi.

Devota hakucheka. Babu, mashine haijashindwa, sukari yako imepita mwisho wa kipimo, nenda hospitali leo hii. Akauliza nakunywa nini. Nikamwambia glukosi. Akashika kichwa. Babu, hiyo ni sukari tupu!

Kitambaa akaninyima. Mbele ya Baltazar! Nesi mwenyewe katoto ka juzi!

Sijaenda hospitali. Pakiti iliyobaki nimeiangalia tu, sijaifungua. Siyo kwa sababu ya huyo nesi.

Jumapili, 15 Juni
Nimeondoka Singe peke yangu kabla wenzangu hawajaruhusiwa. Bila namba. Sasa nimekaa juu ya jiwe, nusu ya njia. Dumu limekwisha. Nimetapika kidogo. Herufi nazifanya kubwa.

Baltazar kanikuta. Nikamwambia pita, kachukue mbuzi wako wa ushindi. Hakupita. Anatazama chini. Mwenzangu, raba yako inavuja damu.

Kweli. Mguu wa kushoto. Mwiba umepenya soli mpaka nyamani na mimi sikusikia chochote! Tangu wapi, sijui. Alois naye alisema hivyo. Kwamba hakusikia.

Baltazar kasimamisha pikipiki. Kavua kitambaa chake cha namba, kanifunga nacho mguu. Nilingoja anicheke, hacheki. Kanishika kwapani anivute. Nimemwambia ngoja, niandike kwanza. Pikipiki inanguruma. Anasema andika upesi basi, mzee, wenzetu hao wanakuja.

Nawaona. Wako mbali bado.

Basi iandikwe. Mpaka kwenye jiwe hili mbele yangu hakukuwa na mtu. Nimefika kwa miguu yangu, yote miwili. Asiyeamini amwulize Baltazar wa Sigino, ndiye aliyekuwa wa pi—